Mama Bienvenu na Surua ya Ineza

Mtu ninayetaka kumwandika ni Marthe, Mkongo wa Fizi, ambaye hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi Uganda, tunamwita Mama Bienvenu kwa jina la mwanawe. Anauza ndagala, yaani dagaa, sokoni. Akianza kuita wateja, hata kuku wa kijiji cha Ngarama wanasimama kusikiliza! Mimi ni Mrundi, nyumba zetu zinapakana, na tumegombana kwa kila kitu: mfereji wa maji ya mvua, mbuzi wake, na nani anajua kupika maharagwe. Ni mimi ninayejua.

Mtazameni kwanza kazini. Mchuuzi akimletea gunia la ndagala kutoka ziwani, yeye haangalii. Anafumba macho, anazamisha mkono hadi kiwiko, anasugua samaki kwa kiganja.

"Hawa balianikwa chini," anasema. "Iko mchanga. Rudisha."

Na kweli, ukiwatafuna, mchanga unalia kwenye meno.

Kituo cha afya kilimchagua awe mtu wa kupita nyumba kwa nyumba kuuliza habari za watoto. Wakampa fulana, na hiyo fulana anaivaa hadi kwenye misa, ili Mungu naye ajue!

Sasa mjukuu wangu. Mwanangu Venuste alikuwa ameletewa mke wake, Doriane, kupitia mpaka wa Kikagate, pamoja na binti yao Ineza, aliyekuwa ndiyo kwanza anakimbia bila kuanguka. Kwa ajili ya ile safari, mtoto alikosa chanjo ya surua. Hawakumaliza hata msimu mmoja hapa, Ineza akashikwa na homa. Kikohozi, kamasi, macho mekundu kama mtu aliyelala jikoni kwenye moshi. Kisha vipele vikatoka kichwani.

Mimi nilijua papo hapo. Nimezaa, nimezika, nitashindwaje kuijua surua? Lakini kwetu surua ina sheria zake. Unafunga mlango, humwogeshi mtoto, na zaidi ya yote humpeleki kwenye sindano. Sindano inairudisha surua ndani, na ikirudi ndani inaua. Warundi wanalijua hilo, Wakongo wanalijua. Basi nikampaka Ineza mawese mwili mzima, nikamwambia Doriane, "Akija mtu, sema ni vipele vya joto."

Akaja nani? Mama Bienvenu.

"Hodi!"

"Hakuna watu," nikajibu.

"Kama hakuna batu, nani ananijibu? Mbuzi?"

Akaingia. Yule hangoji kukaribishwa. Akamwona mtoto kwenye mkeka, aking'aa mafuta.

"Koko, mutoto ana nini?"

"Joto. Na mimi si koko yako, si bibi yako."

"Joto, eeh." Akakaa chini, akafuta mawese kwa ncha ya kitenge, akafumba macho. Akapitisha kiganja mgongoni mwa Ineza, polepole, kama anapima gunia. Nikaona uso wake unabadilika.

"Mchanga," akasema. "Doriane, mwanangu, hii kitu ilianzia fasi gani?"

Doriane akanitazama. Mimi nikatazama chungu.

"Nyuma ya masikio, Mama," akasema yule msichana, maana hajui kudanganya.

"Nyuma ya masikio! Kisha uso, kisha kifua, na sasa inashuka. Angalia miguu, bado safi. Joto haitembeaki hivi!" Akambeba Ineza hadi mlangoni penye mwanga, akamfungua mdomo kwa kidole. Ndani ya mashavu kulikuwa na chembe nyeupe, kama mtoto ameramba chumvi. "Surua! Surua yenyewe, koko! Na wewe ulijua!"

"Nilijua. Na hachomwi sindano."

"Nani ametaja sindano? Watakata kidonge cha mafuta ya vitamini, watamkamulia mdomoni. Ni ya kulinda macho. Ama unataka mutoto wa Venuste awe kipofu juu ya kichwa chako kigumu?"

"Matone tu?"

"Kwa surua, matone."

Nikamfunga Ineza mgongoni mwa mama yake, nikatangulia mbele. Kama ni kwenda, tutaenda nikiongoza mimi!

Kituoni mambo yalienda mbio. Muuguzi akamtenga na watoto wengine, akakamua matone, akamsifu Mama Bienvenu, naye akanyoosha fulana yake. Kisha muuguzi akainua nguo ya Ineza, akatazama kifua. Mbavu zilikuwa zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Akaita gari la wagonjwa. Hospitali ya Mbarara, sasa hivi!

Tukapanda, Doriane, mimi, na Mama Bienvenu bila kualikwa, akinuka ndagala. Gari likalia njia nzima. Ng'ombe wakaruka pembeni!

Hospitalini tulipokewa na muuguzi mmoja aliyekulia kambi ya jeshi ya Makenke, mtoto wa mwanajeshi, Kiswahili chake cha kambini.

"Jajja, bibi, huyu iko na nimonia. Dawa inapita kwa mshipa. Shika mkono yake."

Alikuwa ameshika sindano. Nikasimama kati yake na kitanda.

"Hapana."

"Jajja, mtoto inachoka kupumua."

"Nimesema hapana."

Doriane akaanza kulia. Mama Bienvenu akanivuta kitenge.

"Sikia, koko. Sindano hii si ya surua. Surua inatoka yenyewe. Hii ni ya kifua. Na wale watoto ba kwetu na ba kwenu, wale balichomwa bakakufa, balipelekwa kwa muganga wa hospitali wakati gani?"

Nikamgeukia Ineza, nikamfunika miguu.

"Sema! Siku ya kwanza?"

Si siku ya kwanza. Nikawakumbuka mmoja mmoja. Tuliwaficha, tukawapaka mafuta, na tuliowapeleka tuliwapeleka wakikoroma, kifua kimeshajaa. Wakachomwa, wakafa, tukaishtaki sindano. Nilitafuta hata mmoja aliyepelekwa mapema akafa, nimtupie huyu Mkongo usoni. Sikumpata! Na Ineza pale, matundu ya pua yanapanuka na kusinyaa.

"Chomeni," nikasema. "Lakini nitamshika mimi."

Nikaushika ule mkono mdogo. Sindano ikaingia, na macho yangu sikuyaondoa.

Kesho yake, jua limeshachomoza, Ineza alifumbua macho yenye tongotongo, akauona ule mrija, akaushika kuung'oa, akapiga ukelele wodi nzima ikageuka. Jana hakuwa na pumzi ya kulia! Akanywa uji, akautema kwangu, akataka tena. Mama Bienvenu akaimba barazani hadi askari akamwambia aende kuimbia nje ya geti. Akaenda, akaimba huko.

Tumerudi Nakivale na mtoto anayeona na anayekimbiza mbuzi. Jana Mama Bienvenu kaja tena kwangu. Kuna nyumba upande wa juu imefunga mlango tangu juzi, na wanasema ni joto.

"Mimi bananijua, banajifungia," akasema. "Twende nawe, koko."

Nikachukua fimbo, nikatangulia, nikaugonga ule mlango hadi bati likatetemeka. "Fungueni! Surua yenu naijua, mimi niliificha kabla yenu!"

Wakafungua.