Cha Kuona Bogotá

Mwanangu wa pekee alimwoa msichana wa Bogotá, mji mkuu wa Kolombia. Walijuana hapa hapa London, kwenye hospitali waliyofanya kazi wote wawili. Ndoa tuliifunga nyumbani kwangu Wembley, kwa shekhe, mashahidi na halua, lakini karamu kubwa ikapangwa kufanywa Bogotá, kwa sababu bibi yake bibi harusi alikuwa mzee asiyeweza tena safari. Jamaa wa upande wetu tukaalikwa sote.

Aliyekataa alikuwa mmoja tu: mama mkubwa, dada yake marehemu mama yangu. Yeye ndiye aliyenilea tangu tulipotoka Unguja baada ya Mapinduzi, tukakaa Dar es Salaam, tukakaa Mombasa, mpaka tukaangukia London. Kila nikimgusia safari, jibu lake lilikuwa lile lile: "Nendeni salama. Mtanikuta."

Mama yake bibi harusi alikuwa amekuja kwa ajili ya ndoa. Alikuwa mwalimu wa watoto wadogo, mfupi, mwepesi wa kucheka, na Kiingereza chake kiliishia kwenye salamu. Jumapili baada ya ndoa akaomba awakusanye wageni, awaeleze cha kuona huko kwao. Sebule yangu ikajaa, wengine wakakaa kwenye ngazi. Yeye anasema Kihispania, binti yake anageuza Kiingereza, mimi namgeuzia mama mkubwa Kiswahili.

"Mji wetu uko juu sana, hewa yake nyepesi," akaanza. "Siku ya kwanza msitoke. Laleni, kunyweni maji, kuleni kidogo."

"Sasa tumealikwa harusini au tunakwenda kulazwa?" mama mkubwa akauliza.

Tafsiri ilipomfikia mama yake bibi harusi, mkwe wetu sasa, alicheka mpaka akajishika mbavu. Akaendelea. Kuna nyumba ya makumbusho iliyojaa dhahabu za watu wa kale. Kuna mlima uliouinamia mji, unaupanda kwa gari linaloning'inia kwenye waya.

"Huko juu kuna nini?"

"Kanisa. Na mji wote uko chini ya miguu yako."

"Basi wao wataingia kanisani," akasema mama mkubwa, "na sisi tutatazama mji."

Nililisikia lile "sisi".

Tulipofika kwenye vyakula ndipo mambo yalipochangamka. Mkwe wetu alisema tusiondoke Bogotá bila kunywa kakao ya moto iliyotiwa vipande vya jibini. Sebule nzima ikakunja uso. Mama mkubwa aliniambia nimeikosea tafsiri. Basi yule mwanamke akainuka, akauliza jikoni kuko wapi kwa kuashiria sufuria, na baada ya muda akarudi na sinia la vikombe. Jibini lilikuwa la duka la pale pembeni, akaomba radhi kwa hilo. Mama mkubwa akakoroga, akachota kipande kilichovutika kama mpira, akatia mdomoni sote tukimtazama.

"Mbona tamu!" akasema, akanyoosha kikombe aongezwe.

Wageni walipotawanyika nilikuwa naosha vyombo, naye anafuta. Nikamuuliza, "Mama mkubwa, wewe ndege huogopi. Unakataa nini?"

Akafuta sahani moja kwa muda mrefu.

"Mwanangu, mimi kila safari niliyofanya nilifunga mizigo nikaaga. Sijapata kwenda mahali kutazama tu, kisha nikarudi kwangu. Hata sijui inafanywaje."

Maisha yangu yote nilikuwa nimemwona kama mtu aliyetembea dunia.

Kesho yake ikawa zamu yetu kumtembeza mkwe. Nilipanga nimpeleke kwenye jumba la kifalme, kisha mtoni, kwenye lile daraja linaloonekana katika kila picha. Mama mkubwa akanikatiza.

"Lile jumba unatazama geti na mvua. Mpeleke Southall."

"Mama mkubwa, mtu ametoka Kolombia, nimpeleke Southall kwenye maduka ya Wahindi?"

"Akaone watu wanaishi."

Tukaenda Southall. Bibi harusi alikuwa kazini, kwa hiyo hatukuwa na mkalimani. Wale wawili wakashikana mikono wakatangulia, mmoja na Kihispania chake, mwenzake na Kiswahili cha Unguja, na wala hawakunyamaza. Waliingia kwenye duka la vitambaa wakapapasa hariri zote. Kisha, mbele ya genge la matunda, mkwe wetu akasimama ghafla. Akaokota tunda la kijani lenye magamba, akalinusa, macho yakamlengalenga. Akalitaja kwa jina la kwao.

"Topetope!" akasema mama mkubwa.

"Topetope," mwenzake akarudia taratibu.

Hapo ikawa kazi. Pera likatajwa mara mbili, papai mara mbili, pasheni ikapasuliwa na kunuswa. Kumbe nusu ya matunda ya utotoni mwetu ni ya kwao pia. Mwenye genge, singasinga mzaliwa wa Nairobi, aliwatazama kwa subira, mwishowe akasema kwa Kiswahili safi, "Mama, mnanunua au mko darasani?"

Mama mkubwa alicheka mpaka akamshikilia mkwe asianguke. Kisha akanigeukia. "Mwambie sokoni kwao nitafika. Hiyo dhahabu sina haja nayo."

Sikuwa na Kihispania cha kumwambia. Lakini yule mwanamke alimtazama usoni, akaelewa, akambusu mashavu yote mawili.

Basi mama mkubwa akaenda nasi. Siku ya kwanza Bogotá ngazi za hoteli zilimkata pumzi, akalala mpaka jioni bila ubishi. Siku ya pili yeye na mkwe walizama sokoni, na akarudi amekumbatia maua hata uso hauonekani. Karamuni alikaa ubavuni mwa yule bibi mzee, wakalishana keki.

Jumapili, kabla hatujaondoka, mkwe wetu alitutoa nje asubuhi. Huko kwao, Jumapili asubuhi barabara kubwa kadhaa hufungwa, magari hayapiti, mji unaachiwa watu na baiskeli zao. Mama mkubwa alisita ukingoni, akatazama kulia, akatazama kushoto. Kisha akainua kidogo pindo la baibui, akashuka akatembea katikati kabisa ya barabara, polepole, kama mwenye mji. Waendesha baiskeli walimpisha, wakimpungia mkono. Naye akawapungia, mmoja mmoja, mpaka nikaona mkono umechoka akabadilisha wa pili.