Chai ya Wapanda Maua

Juzi, nikipita Kibiti, niliona kina mama wakipanda maua kando ya barabara huku wakitaniana. Nikamkumbuka Bi Mwajuma, jirani yetu wa Utete, aliyeishi peke yake.

Nilipokuwa mtoto, alipita nyumba hadi nyumba akiwaomba watu wapande naye maua kwenye njia ya hospitali, Ijumaa baada ya sala. Wote waliitikia "Inshallah," hata mama yangu.

Ijumaa hiyo nilimkuta njiani na miche ya mirehani, birika kubwa la chai ya tangawizi na vikombe vingi mkekani. Tukachimba wawili. Kila pikipiki ilipolia, aliinua kichwa.

"Bibi, wengine wako wapi?"

"Wanakuja, mjukuu wangu. Wewe kunywa chai."

Nikanywa vikombe vitatu, nikala maandazi mpaka tumbo likauma. Nilidhani karamu ile aliniandalia mimi. Alasiri ilipoadhiniwa, alimwaga chai iliyobaki, akakunja mkeka taratibu.

Nyumbani nilimsimulia mama kwa furaha.

"Alikuwepo nani mwingine?" akauliza.

"Hakuna! Vyote vilikuwa vyetu!"

Mama akainamia ungo, akaendelea kuchagua mchele ambao ulikuwa safi tayari.