Babu amegombana na amplifaya yake

Leo babu yangu amegombana na amplifaya yake. Mchochezi ni mimi.

Hiyo amplifaya imezeeka kuliko mamangu. Basi nikatoka Kitale na pedali ya mwangwi ya kanisa letu, kile kidude kinachorudia sauti ya gita, nikaiunganisha kimyakimya, nikampa Babu gita.

Akapiga. Sauti ikamrudia kwa nyuma.
Akaacha kupiga. Ikaendelea!

Akaikazia amplifaya macho: "Wewe, mbona unachelewa?"

Nikakimbia kuzima.

"Si uwache! Hata marehemu Wafula alikuwa ananifuata hivyo hivyo, nyuma kila siku."

Wafula alikuwa mpiga gita mwenzake hapa Kabuchai.

Ati sasa yeye na huyo "Wafula" wa pedali wamepiga pamoja tangu saa nne, na anamsifu!

Jameni, nani atamwambia Babu kwamba Wafula anatakiwa kanisani Kitale kesho asubuhi?