Maneno Yangu kwa Jina la Marehemu Mama

Shule yangu mimi ni kisomo cha watu wazima, chini ya banda la makuti, ubao umeegemezwa kwenye pipa. Nilijifunza kuandika nikiwa na watoto wanne, kwa mkono uliozoea jembe. Kwa hiyo binti yangu wa kwanza alipochukuliwa chuo cha ualimu Mtwara mjini, nilitembea kijiji kizima kichwa juu, na aliyenuna anune.

Kijiji chenyewe hatukukichagua. Kwetu ni bondeni, upande wa Kilambo, tulikokuwa tukilima mpunga maji ya Ruvuma yakipungua, na mikorosho yetu ikiwa juu kidogo kwenye mchanga. Siku moja lori likaja, tukapakiwa pamoja na vyungu na kuku, tukashushwa kando ya barabara. Nyumba zikapangwa mistari kama daftari. Ukikohoa, nyumba ya tatu wanakupa pole. Ukipika samaki, ofisi ya kijiji inajua ni samaki gani. Kwenda kupalilia mikorosho yako mwenyewe unaomba ruhusa kwa katibu wa kijiji, naye anatoa ruhusa siku ambayo shamba la kijiji halina kazi. Siku hiyo mimi sikuwahi kuiona.

Likizo moja binti akaja na daftari jipya. Walipewa insha ya utafiti, na yeye alichagua kuandika kwa nini korosho zimepungua kijijini kwetu. Akaenda ofisini kuomba ruhusa ya kuuliza watu. Katibu, kijana wa bara asiye na ukoo hapa, akamgongea muhuri, akamwambia, "Ndugu mwanafunzi, ukimaliza tuletee nakala. Tutaisoma mkutanoni, wananchi wamjue mtoto wao."

Binti akaniketia jikoni, mimi namenya muhogo.

"Mama, korosho zimekwenda wapi?"

"Hazijaenda popote. Sisi ndio tumeondolewa. Zinaanguka kule, zinaliwa na nguruwe. Huku shamba la kijiji tunapiga jembe katibu akipita. Akishapita, tunakaa."

Akaandika. Nikamwuliza, "Hayo yote unaandika?"

"Neno kwa neno. Mwalimu wetu anasema neno la mtu lina mwenyewe. Ukilichukua usimtaje, umeiba. Ukilibadilisha, umemsingizia. Na asiyeandika jina la aliyesema, insha yake inarudishwa. Tazama, maneno yako nayafungia hapa." Akanionyesha vialama viwili vya kufungulia, viwili vya kufungia. Katikati nimekaa mimi. Chini yake jina langu, kazi yangu, kijiji changu. Nisiseme uongo, nilifurahi. Kabla ya hapo jina langu lilikuwa limeandikwa kwenye orodha ya kazi tu.

Alikaa siku mbili, akarudi chuoni. Furaha yangu iliishia kisimani. Jirani yangu alitua ndoo akaniambia, "Nasikia umeandikwa, mama mwalimu. Tutakusikia mkutanoni!"

Mkutanoni! Mimi nilikuwa nimelisahau neno la katibu. Kuanzia hapo vile vialama viwili viwili vilinikaba kama mlango wa tenga la kuku. Nilimfikiria katibu akisoma, watu wakinigeukia, na mimi sina pa kukimbilia, maana kila mlango wa kijiji kile unatazama barabarani. Nikachukua kalamu nikaandika barua yangu ya kwanza duniani. Ilikuwa mistari minne: Toa jina langu. Weka la mtu asiyeitwa ofisini. Choma barua hii. Mama yako. Nikampa dereva wa lori la korosho aifikishe chuoni.

Insha ilifika kabla ya mvua. Alasiri moja tukakusanywa mbele ya ofisi, katibu akasimama na makaratasi yake. Alisoma vizuri, watu wakapiga makofi. Kisha akafika kwenye maneno yangu. "Akishapita, tunakaa." Akafunua karatasi ya mwisho, wanapoandikwa waliosema, akauliza, "Nani huyu?" Akataja jina la marehemu mama yangu.

Hapo ndipo nilipojua binti alimweka nani. Alitafuta mtu asiyeitwa ofisini, akampata kaburini. Lakini mwanangu alikuwa hajui jambo moja. Kwetu jina la marehemu halizikwi. Siku ya arobaini ya mama, mdogo wake alikalishwa mkekani, akapakwa unga kichwani, akapewa jina la dada yake. Tangu siku ile ndiye aliye mama: wajukuu wa marehemu ni wake, lawama za marehemu ni zake. Binti yangu siku ile alikuwa kwenye mitihani, hakuja, na mimi sikumweleza. Yeye alizoea kumwita bibi mdogo, basi.

Watu wote wakamgeukia mama mdogo. Yeye naye, mgongo umepinda na fimbo mkononi, akainuka polepole.

"Bibi, wewe ndiye uliyesema kwamba tunakaa?" katibu akauliza.

"Jina limeitwa, nimeitika. Kama dada aliyasema, basi mimi ndiye niliyesema. Endelea, mwanangu."

Watu wakacheka. Katibu hakucheka. Akasema aliyetamka maneno yale atalima vipande vitatu vya shamba la kijiji peke yake, na mikorosho yake asiikaribie msimu mzima.

Vipande vitatu, jua la Oktoba, mwanamke asiyeweza kuinama kuokota fimbo yake ikianguka! Nilikaa pale mchangani. Nikisimama, mtoto wangu ni mwongo mbele ya chuo. Nikikaa, mama mdogo atafia kwenye jembe kwa ajili ya mdomo wangu. Jirani akanifinya paja. "Tulia hapo hapo, mama mwalimu. Si limeshapita?"

Kwangu lilikuwa halijapita. Nikasimama.

"Ndugu katibu, mwache huyo. Maneno ni yangu. Tunakaa kweli, na wewe unajua, ndiyo maana unapiga kengele ya baiskeli tangu kule kwenye mwembe."

Watu walicheka mpaka watoto wakaamka migongoni. Katibu akangoja wanyamaze.

"Kwa hiyo binti yako amekidanganya chuo."

"Mimi ndiye niliyemwambia."

"Sikuulizi nani alimwambia. Nauliza, amedanganya?"

Nilitazama kulia, nikatazama kushoto. Mama mdogo ananitazama, jicho moja jeupe.

"Ndiyo," nikasema.

Nimezaa mara saba, na sijawahi kutoa kitu kizito kama ile ndiyo.

Katibu aliandika barua chuoni. Binti akarudishwa nyumbani muhula mzima, na insha mkononi aiandike upya. Vipande vitatu nikapewa mimi. Binti alikuja kulima nami bila kuambiwa. Asubuhi shikamoo, marahaba, basi. Siku tatu tuligeuza udongo kama watu waliokutana safarini. Sikumlaumu. Barua ya mistari minne ilikuwa yangu.

Siku ya nne mama mdogo alituletea maji, akakaa kwenye kivuli cha muhogo mrefu. Binti akafuta mikono, akatoa daftari.

"Nasoma. Sema kama ni yako." Akasoma: "Akishapita, wakulima hupumzika."

"Hayo si yangu."

"Maana ni ile ile, mama. Nimeyanyoosha tu."

"Kupumzika ni kwa aliyechoka. Mimi nilisema tunakaa."

"Mwalimu atasema ni maneno ya jikoni."

"Si yalisemwa jikoni? Yaandike yalivyotoka. Nayalimia vipande vitatu, halafu uniandikie ya mtu mwingine?"

Akatabasamu kidogo, mara ya kwanza tangu arudi. Akafuta, akaandika: tunakaa. Akayafungia kwa vialama vyake, chini akaandika jina langu. Kisha kalamu ikasimama juu ya jina la bibi yake.

"Hilo usilifute bado," nikamwambia. "Mwenye jina yule pale. Kamwombe radhi kwanza."

Akaenda, akapiga magoti kwenye matuta. Mama mdogo alimsikiliza mpaka mwisho, akamshika kichwa.

"Ungeniuliza, mjukuu wangu," akasema. "Mimi ningekupa makali zaidi ya hayo ya mama yako."

Tulicheka wote watatu, tumekaa. Mara kengele ya baiskeli ikalia kule kwenye mwembe. Binti akafunga daftari, tukainuka, tukashika majembe.