Wimbo wa Msamaha Uliorudiwa Kutwa

Mama yangu na dada yake, mama mkubwa, waliimba kwaya moja kanisani kwetu upande wa Chepseon, na hawakuwa wanaongea. Walianza kununiana baada ya mazishi ya nyanya, mama yao. Wote wawili walikuwa wameokoka, kwa hivyo walinuniana kwa heshima. Mama akitaka kitabu cha nyimbo kilicho mbele ya dada yake, aliniambia mimi, "Mwambie mama yako mkubwa anipitishie kitabu." Mama mkubwa alisikia, akanipa kitabu, nami nikampa mama. Walikuwa wamekaa benchi moja, na mimi katikati kama waya ya simu.

Mwaka huo mwalimu wa kwaya alitunga wimbo kuhusu kusameheana nyumbani, akasema lazima turekodi video. Alihitaji dada wawili watakaokuja kutoka pande mbili za shamba la majani chai, wakutane, wakumbatiane. Akawachagua hao wawili. Mpaka leo anaapa kwamba aliangalia tu mwanya wao wa meno, unaofanana. Mtu huyo huongoza maombi ya toba, kwa hivyo sijamwita mwongo.

"Mimi sijui kuigiza," mama akasema.

"Mwambie mama yako," mama mkubwa akaniambia, "hakuna aliyemwomba aigize. Atembee tu."

Mpiga picha alikuwa kijana kutoka mjini Kericho, mwenye kofia aliyoivaa kinyume na droni iliyofanya kuku wa majirani wakimbilie jikoni. Sisi wengine tulipangwa nyuma na sare zetu za zambarau, spika ikawashwa, na wale wawili wakaanza kuja. Walipokutana walipigana mgongoni mara moja, kila mmoja akarudi nyuma.

"Kata!" kijana akasema. "Mama zangu, hiyo ni kukung'uta blanketi. Rudieni."

Wakarudia. Wingu likafunika jua. Wakarudia tena, ng'ombe wa mtu akapita katikati. Tena, na upepo wa droni ukampeperushia mama kitambaa cha kichwa. Kwaya nzima ilikuwa imechoka kumsamehe mtu yeyote. Sauti ya nne waliketi chini wakakataa kuinuka.

Kisha, kwenye kurudia kwingine, mama alimkumbatia dada yake na hakumwachilia. Akamnong'oneza kwa Kikipsigis. Sasa, ukoo wetu haujui kunong'ona. Tulisikia wote.

"Kwa nini hukunitaja?"

"Wapi?"

"Kwa mazishi. Ulisoma historia ya mama yote. Ulitaja shule, ukataja kanisa, hata ng'ombe wake mwekundu ukamtaja. Mimi ndiye niliyemwosha na kumlisha mpaka siku ya mwisho. Hukunitaja."

Mama mkubwa aliweka kidevu begani kwa mama. Spika iliendelea kuimba peke yake.

"Ulikuwa kwa karatasi," akasema mwishowe. "Nilifika kwa jina lako nikaona aibu. Wewe ulikaa naye. Mimi nilikuwa nikija na mkate na sukari, nakunywa chai, naenda. Nikajua nikikutaja nitalia mbele ya watu wote, nikaruka."

"Si ungeniambia?"

"Ulinuna kabla sijafika kwa gari."

"Ni kweli," mama akasema, na tayari alikuwa analia. "Nilinuna haraka."

Mama mkubwa akaanza kucheka, kicheko kikageuka kilio, wakashikana hapo kwenye kijia, viatu vimejaa matope. Kijana alikuwa akipiga kelele, "Hapo hapo! Msiachane!" huku akijifuta macho kwa mkono wa shati. Mimi nililia pia, ingawa nilisingizia jua.

Video ilipotoka, sehemu ile haikuwemo. Kijana alituambia kwa masikitiko kwamba midomo yao haikufuatana na wimbo. Aliweka ile ya kukung'uta blanketi, na watu wa mbali kule Siongiroi walituandikia kwamba imewabariki sana.

Jumapili iliyofuata, wakati wa shuhuda, mama mkubwa alisimama bila kuitwa. Alisema mbele ya kanisa ni nani aliyemuuguza mama yao, akamtaja dada yake kwa majina yote, hata lile la utotoni ambalo mama hapendi. Mama aliinama akatafuta leso mkobani kwa muda mrefu mno.

Hawajawa malaika. Mara moja moja mama hukumbuka na kusema, "Lakini ng'ombe ulimtaja," na mama mkubwa huomba msamaha upya. Kwenye benchi sasa wameketi pamoja, wanaongea hata wakati wa mahubiri. Mimi nimehamishiwa mwisho, karibu na dirisha, na hakuna anayenituma chochote.