Shimo la Viazi la Mama

Mama alilazwa hospitali Nkubu wiki ileile tuliyovuna viazi vitamu. Nilikuwa nimetoka Majengo, mjini Meru, ambako nauza nguo, nimsaidie kuchimba tu kisha nirudi. Sasa viazi vimerundikana uani, na anayejua kuvihifadhi yuko kitandani, mguu umefura hawezi kukanyaga.

"Usivioshe," aliniambia nilipompelekea uji. "Vitandaze kivulini wiki nzima, ganda likauke. Vilivyokatwa na jembe weka kando, viliwe kwanza. Halafu shimoni: majivu, nyasi kavu, viazi, nyasi tena. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

Nilisikia. Lakini kibanda changu kilikuwa kimefungwa na wateja wananipigia simu. Siku ya pili nikaviosha udongo, vikapendeza, nikavimwaga shimoni vizima na vilivyokatwa pamoja. Majivu sikutafuta. Nikafunika kwa bati na udongo, nikapitia hospitali kumuaga.

"Umevipanga vile nilikwambia?"

"Vilevile."

Akasema sasa atalala vizuri.

Aliporudi nyumbani baada ya mwezi, nilikuja kumpokea. Alikuwa amekonda, mifupa ya mabega inaonekana juu ya kanga. Chakula kilimshinda. Alichotaka ni kiazi kitamu na chai, basi. Tukaenda shimoni akiniegemea. Nilipoinua bati, harufu ilinipiga usoni. Viazi vilikuwa vimelainika, vyeusi, vinatoa maji. Nilichutama nikafukua kwa mikono, nikitafuta hata kimoja. Hakuna.

Mama alitazama mle shimoni muda mrefu. Hakukuwa na chembe ya majivu, na macho yake hayakuwa na kasoro.

"Ni mvua," alisema. "Maji yaliingia nikiwa hospitali."

Mwezi huo wote halikuanguka tone. Jirani alikuwa ametuambia hivyo asubuhi ile, Mama akiwa amekaa papo hapo.

Nilitaka kumwambia ukweli; badala yake nikachukua kikapu. Nikanunua viazi vingine sokoni, nikampikia. Alikula vipande viwili, akasukuma sahani, akanishukuru kwa adabu kama anayemshukuru mgeni.

Mvua ilipokuja tulipanda marando mapya ya viazi. Alifariki kabla hayajaanza kutambaa.

Siku ya mazishi shangazi alinishika mkono. "Usilie hivyo," alisema. "Wewe ndiye ulimtunza kuliko sisi sote."

Sikuweza kumtazama.