Vipanga Waliopita Juu ya Kalunguta

Mwezi wa kumi ukifika, mwanangu, na mvua ikishazoea kunyesha kila alasiri, mimi bado naangalia juu. Nakumbuka mwezi kama huu, huko Kalunguta, kijiji chetu cha mlimani, nikiwa msichana aliyekaribia kuolewa.

Vipanga walikuwa wakipita. Hawakuwa wale wetu wanaokaa mwaka mzima. Walitoka mbali kaskazini, wakaja kwa upande wa Beni, wakazunguka juu ya mlima wetu jua lilipopasha ardhi, wakipanda bila kupiga bawa, kisha wakajiachilia kuelekea Lubero. Tangu utoto niliwapenda.

Lakini mwaka huo mama yangu, Masika, aliwachukia. Mdogo wangu Kambale alikuwa ameugua hadi padri akaja kumpaka mafuta. Alipopona, mama alimwahidi Mungu kwamba kwenye misa ya mavuno Kambale mwenyewe atapeleka jogoo altareni. Tulikuwa na kuku mmoja tu aliyetotoa, na jogoo huyo angetoka kati ya vifaranga wake; nao walianza kutoweka, mmoja baada ya mwingine. Kila mchana mama alipiga sufuria na kupaza sauti kuelekea mbinguni: "Bezi nyinyi! Mwende mukule kwenu!"

Ndipo mjomba Kakule, kaka yake, akaja na kipande cha nyama chenye sumu ya panya. Babu, baba yao, aliyekuwa katekista, alikuwa ameketi mlangoni pa jikoni akipukuchua maharagwe.

"Kakule, hiyo nyama unapeleka wapi?"

"Kwa bageni ya kule juu, Papa. Leo batakula muzuri."

"Uliona mumoja anabeba mwana ya kuku?"

Mama akajibu badala ya mjomba: "Lakini Papa, ni nani mwingine? Angalia vile beko bengi!"

"Naona beko bengi. Nauliza kama muliona. Mungu anakataza kusingizia."

Mama akacheka kwa hasira. "Ile amri ni ya batu, Papa. Hapana ya kipanga."

"Mutu anaanzaka na kipanga," Babu akasema. "Akishazoea, anafika kwa jirani."

Kisha akaongeza kwa upole kwamba hata yeye hakujua mwizi ni nani, na kwa hiyo tuhesabu kwanza. Akanipa maharagwe na kibuyu: kila kipanga akipita juu yetu, niangushe punje moja. Mama naye awahesabu vifaranga kila jioni. Hapo mama akashtuka, maana kwetu watu hawakupenda kuhesabu vyenye uhai, wakiogopa vitapungua.

"Kuhesabu bana ya kuku? Si ni kubamaliza kabisa!"

"Mungu alihesabu nywele yako yote, Masika, na haijaisha."

Mama akajishika kichwa, akashindwa kujizuia kucheka. Babu akaitupa ile nyama chooni.

Nikawa nalala chali kilimani, kibuyu ubavuni. Siku nyingine punje zilijaa, na jioni vifaranga wote walikuwepo. Nikaanza kuwajua wageni wale. Mvua ikikatika walishuka majanini kuokota kumbikumbi, wakitembea vibaya kama padri aliyeinua kanzu kwenye matope. Hakuna aliyesogea karibu na jikoni kwetu.

Ikaja siku ya ukungu. Mlima ulifunikwa tangu asubuhi, hakuna kilichoruka. Jioni kifaranga mmoja hakuonekana. Mama alikichukua kibuyu, akakitikisa. Kimya.

"Hata kamoja?"

"Hata kamoja, Mama."

Mama alikwenda moja kwa moja nyuma ya jikoni, vifaranga walikozoea kuchakura, akaanza kuondoa kuni zetu, na chini yake tukakuta shimo la kicheche, na manyoya laini mlangoni. Mwizi alikuwa akiota moto pamoja nasi. Mjomba aliziba shimo kwa mawe bila kuinua macho.

Kesho yake mbingu zilifunguka, vipanga wakapita. Mama akatoka. Nilidhani anafuata sufuria. Alifungua kitambaa cha kichwani, akakipunga juu. "Mwende muzuri! Mutusamehe!"

Misa ya mavuno ilipofika, Kambale alipeleka jogoo wake altareni, na jogoo akawika katikati ya mahubiri. Babu akaitika kwa sauti, "Amina."

Leo naishi Butembo. Barabarani naona watu wanaokimbia vita kutoka upande wa Mabalako, magodoro juu ya pikipiki, kuku wamefungwa miguu. Sufuria ikipotea mtaani, nasikia vijana wakisema, "Ni bale benye kufika juzi." Nami nawauliza swali la Babu: uliona?

Mwanangu, usimshtaki mgeni kwa sababu tu alifika siku zile zile ulizopoteza kitu. Hesabu kwanza. Kumbuka siku alizokuwepo na hukupoteza chochote, na siku uliyopoteza naye hayupo. Kisha ondoa kuni zako mwenyewe uangalie chini yake. Na ukikuta ulimwonea, toka nje umwombe msamaha, hata kama amekwisha kupita na hakusikii.

Mungu anayewaonyesha ndege wale njia isiyo na alama akuongoze na wewe. Akulindie watoto wako wote. Na siku itakapokuwa zamu yako kupita kwenye mlima wa watu wengine, akujalie mtu wa kukupungia kitambaa.